Eti nguzo ni pesa imelala

Jumamosi pale kijiwe cha kahawa Majengo, jamaa mmoja mwenye shati lililonyooka alitupa somo la uchumi. Alikuwa anasimulia makaa ya mawe ya kusini, yalivyopangana tabaka juu ya tabaka kama chapati, akamalizia: "Halafu wataalamu wanaacha manguzo mazima ya makaa chini huko, eti yashike dari. Ile ni pesa imelala, wazee." Watu wakaitikia. Mimi kahawa ikanipalia.

Pesa imelala! Mlima ulio juu ya vichwa vya watu wenyewe haujalala, bwana mkubwa.

Tena kwa kutaja matabaka ndiyo kajimaliza kabisa. Ukitoa makaa, uzito yaliyokuwa yanaubeba unahamia kwenye nguzo ulizobakiza. Nguzo zinaugandamiza sakafuni, na sakafu inaushusha kwenye tabaka la chini. Sasa mchimbaji wa chini anapita zake, hali shwari, mara akifika chini ya nguzo ya juu dari inaanza kumenyeka na kuta kutema vipande. Ndiyo maana matabaka yakikaribiana, nguzo za chini hupangwa zikae sawasawa chini ya zile za juu. Fundi wangu wa mtaa wa Kisasa hajakanyaga chuo, lakini hawezi kusimamisha nguzo ya ghorofani katikati ya sebule ya chini. Na ukianza na tabaka la chini ukalikomba lote, la juu huweza kushuka likiwa limevunjikavunjika. Karudi ukalichimbe basi.

Haya yote yanataka ramani ya kweli: nani alichimba wapi, akaacha nini. Hapa Dodoma tunayo Tume ya Madini, tunao wanajiolojia wa GST, taasisi ya taifa ya jiolojia, tunacho chuo kinachofundisha uhandisi wa madini. Karatasi hatukosi. Lakini ramani ikisema nguzo ina mita 12, na zamu ya usiku imeshaimenya ikabaki 8, huo ni uongo wenye mhuri.

Mgodi wa makaa wa Coalbrook, Afrika Kusini, nguzo nyembamba ziliongezwa kimo kwa kuchimbwa makaa ya darini. Zikarefuka bila kunenepa. Desemba 1959 sehemu moja ikaporomoka, kazi ikaendelea. Tarehe 21 Januari 1960 nguzo zikaangushana, watu zaidi ya 430 wakabaki chini, na chini ndiko waliko mpaka leo. Baada ya hapo ndipo watafiti Salamon na Munro wakakaa kuchambua sehemu 125 za migodi zenye nguzo, 27 kati yake zilizoanguka, na mwaka 1967 wakatoa hesabu ya uimara wa nguzo. Hesabu imelipiwa na wafu, sisi tunaibishia kwenye kahawa.

Haya, nakubali, nguzo huweza kutolewa mwishoni, kwa mpango, watu wakirudi nyuma kuelekea mlangoni. Hatari za gesi na vumbi tuziache, nina hasira za jambo moja tu leo.

Binamu yangu alikuwa duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji wadogo, upande wa Singida, kwenye dhahabu. Hakuna aliyekuwa na ramani, kila mwenye duara anafuata mwamba wake. Siku moja wakasikia nyundo zinagonga chini ya miguu yao. Wenzake wakacheka, wakasema mtobozano huo, mashimo yanakutana, tutasalimiana. Yeye akapanda juu kunywa uji.

Nilimsimulia yule jamaa. Akaniuliza, "Kwa hiyo dhahabu waliipata?"