Shabiki mwenye ugomvi ndo anatengeneza gemu tamu

Kuna jamaa kwenye group letu la WhatsApp la watu wa kompyuta, ana kazi yake nzuri tu ya mambo ya programu huko Posta, juzi kashusha meseji ndefuuu eti gemu za mashabiki ni kazi ya watu walioishiwa mawazo, wanamchukua Mario wa watu, wanambadilisha rangi ya kofia, basi nao wanajiita madevelopa. Watu wakamwekea madole gumba. Mi nilikuwa kwenye daladala Ubungo, foleni haisogei, nikaanza kumjibu kwa kidole kimoja huku mkono mwingine umeshika bomba, jibu likawa refu, nikasema ngoja nilimwage huku ambako hamna admini wa kunitoa.

Haki yake nimpe kwanza, japo roho inauma. Nyingi ni takataka. Ukishusha ovyo ovyo bila kuuliza waliokutangulia, utazifuta kabla chai haijapoa. Utakuta Sonic, yule kalunguyeye wa bluu wa kampuni ya Sega, kawekewa wahusika kibao wa kuchagua, kila mmoja na rangi yake, muziki unapiga kelele mpaka spika inakwaruza, halafu ukibonyeza kuruka jamaa anapaa kama mfuko wa Rambo kwenye upepo wa baharini. Aliyetengeneza alipenda picha za Sonic. Hakuwahi kukaa akajiuliza kwa nini Sonic akishuka mteremko anakolea spidi na akiupanda mlima bila kasi anaishia katikati, na gemu yenyewe ipo hapo, sio kwenye miiba ya kichwani.

Ila zile ambazo zinabaki kichwani miaka na miaka, ukizichunguza utakuta aliyetengeneza ana ugomvi. Anaipenda ile gemu ya asili, anaijua kuliko wenye nayo, na kuna kitu ndani yake kinamkera mpaka halali, kwa hiyo anakaa chini anaijibu. Jamaa wa Posta anaona mtu kakopi. Mi naona mtu anabishana.

Chukulia Kaizo Mario World. Mjapani mmoja anayejiita T. Takemoto aliichukua Super Mario World ya Super Nintendo akaipangua, akatengeneza steji kwa ajili ya kumtesa rafiki yake tu, ndo lengo lenyewe, rafiki acheze na yeye aangalie. Video zake zikasambaa 2007. Sasa sikia alichofanya. Tangu Super Mario Bros. ya 1985, tofali lisiloonekana ni zawadi: unaruka zako, kichwa kinagonga hewa, inatoka sarafu au ule uyoga wa kijani wa kukuongezea roho. Takemoto akaichukua zawadi hiyohiyo akaiweka juu ya shimo, palepale ambapo mtu yeyote mwenye akili timamu angeruka. Unakuja na kasi yako, unaruka vizuri kabisa kama ulivyofundishwa, unagonga kitu ambacho sekunde iliyopita hakikuwepo, kichwa kinarudishwa chini na mwili unafuata. Na sarafu unapewa! Hiyo ndo inauma, sarafu unapewa na mlio wake, ting, huku unaelekea shimoni.

Mpwa wangu yuko darasa la sita, aliikuta kwenye laptopu yangu hapa Tabata, akanyamaza muda mrefu kisha akaja jikoni.

"Mjomba, hii gemu ina roho mbaya."

Nikamwambia sio gemu, ni mtu. Akarudi, akafa palepale, akaanza kucheka peke yake. Kwa sababu ukishaelewa kwamba kuna binadamu alikaa akawaza wewe utaruka wapi, akakusubiri hapo, mchezo unageuka, mnakuwa wawili chumbani. Kampuni haiwezi kukufanyia hivyo, inaogopa utarudisha kaseti dukani. (Mwaka huohuo Mjapani mwingine akatoa Syobon Action, yule paka mweupe, huko hata wingu linaua na roho zinahesabiwa mpaka chini ya sifuri. Nzuri kwa dakika chache, baada ya hapo ni kero.)

Kwa kipimo hicho changu, Mario Forever ilitakiwa ifeli. Haina ugomvi na mtu. Ni Super Mario ya mwanzo imerefushwa, ikavalishwa nguo za Super Mario Bros. 3, basi. Ila nani kati yetu tuliokulia kwenye intaneti kafe hakuicheza? Ilikuwa kwenye kila kompyuta, mwenye kafe mwenyewe hajui imefikaje, na muda wako ukiisha uko kwenye kasri mlinzi wa foleni anakuvuta shati. Kumbe imetoka Poland, imetengenezwa na jamaa wa Buziol Games! Yani watoto wengi wa Dar Mario wao wa kwanza wa kwenye kompyuta alikuwa wa Mpolandi shabiki, na tulikuwa tunabishana Mwenge nzima kwamba ndo Mario orijino. Basi sawa, nakubali, kuna gemu zinakumbukwa kwa sababu zilikuwepo. Tuendelee.

Sasa nije kwenye ile ninayoipigania mpaka mwisho. AM2R. Jamaa wa Argentina, Milton Guasti, mwenyewe anajiita DoctorM64, alitumia karibu miaka kumi ya muda wake wa ziada kuitengeneza upya Metroid II: Return of Samus, ile ya 1991 ya Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo. Ukiicheza ile ya zamani leo utaelewa kwa nini. Kioo kidogo, Samus mwenyewe, yule mpiganaji unayemwongoza, mkubwa, huoni mbele, hamna ramani, mapango yanafanana yote, unazunguka unarudi ulikotoka unadhani umefika sehemu mpya. Wengi waliipiga chini. Na wakati huo huo chini ya ule uchovu kuna wazo zuri ajabu: umetumwa kuwamaliza Metroidi, wale viumbe hatari, wote wa sayari moja, kwenye skrini kuna namba ya waliobaki, ukimaliza wa eneo ulilopo ardhi inatetemeka, ile asidi inashuka, njia ya kwenda chini zaidi inafunguka. Unaua ili uruhusiwe kushuka. Halafu mwishoni kabisa yai linapasuka mbele yako, katoka katoto ka Metroidi kanakufuata nyuma kanadhani wewe ni mama yake, na bunduki unayo mkononi. Kwenye Game Boy! Mwaka 1991!

Guasti alikuwa na hasira kwa niaba ya hiyo gemu. Mtu mwingine angeongeza mabosi na milipuko akaita rimeki (na mabosi wapya kaongeza, sikatai), ila yeye alikaa akachuja, hiki ni wazo, hiki ni udhaifu wa mashine. Namba ya waliobaki ikabaki. Tetemeko likabaki. Katoto kakabaki. Ramani ikaingia, Samus akapata miondoko ya zile Metroid za Game Boy Advance, na hapo kwenye miondoko ndo naomba mnisikilize vizuri. Kuna kitu anakifanya: ukiruka ukakosea kidogo tu, ukafika pungufu ya ukingo, Samus anaudaka kwa mikono, ananing'inia, ukibonyeza juu anajivuta. Kitu kidogo. Lakini kwenye mapango marefu ya kwenda juu na chini kitu hicho kinabadilisha kichwa chako, unaacha kuogopa kuruka, unaanza kujaribu kona ambazo ungezipita, na kwenye hizo kona jamaa kakufichia makombora. Hiyo haitokei kwa bahati. Ni mtu aliyeanguka sana kwenye gemu ya asili, akakumbuka kila alipoangukia.

Wapo wanaosema kule kupotea gizani ndo ilikuwa ladha ya Metroid II, na ramani imeua hofu. Haya. Wana kahoja. Kadogo.

Ikatoka tarehe 6 Agosti 2016, siku ambayo Metroid ya kwanza inatimiza miaka 30, bure kabisa, hamna tangazo hamna cha kulipia. Wanasheria wa Nintendo hawakuchelewa, ndani ya siku chache viungo vya kuipakua vikaanza kung'olewa. Na wao wenyewe kwa ajili ya sherehe ya hiyo miaka 30 walituletea nini? Federation Force, Metroid ambayo hata Samus humwongozi. Mwezi huohuo. Sisemi kitu. Septemba 2017 wakatoa rimeki yao ya gemu ileile, Samus Returns ya 3DS, wakawapa Wahispania wa MercurySteam kazi, na ni nzuri, tusiwe wanafiki, ila kila mdudu anakuja kukurukia ili umpige lile pigo la kumrudisha, ukimaliza pango moja umechoka mkono. Yule wa Argentina alijua wadudu wa Metroid hawana muda na wewe, wewe ndo umeingia kwao.

Na Guasti mwenyewe? Studio iliyotengeneza gemu za Ori ikamchukua, akapanga steji za Ori and the Will of the Wisps iliyotoka 2020. Mtu aliyeishiwa mawazo huyo.

Naelewa hakimiliki, msinijie na vifungu. Mario ni wao, Samus ni wao, wana haki ya kuzuia. Ila angalia hii: 2013 kijana mmoja mwanafunzi alitengeneza Full Screen Mario, Mario ya 1985 inachezeka kwenye brauza na sehemu ya kutengeneza steji zako mwenyewe. Ikapigwa barua, ikashushwa. Septemba 2015 Nintendo wakaanza kuuza Super Mario Maker, ambayo ni nini? Mario na sehemu ya kutengeneza steji zako mwenyewe. Na steji zilizotapakaa humo ni zipi? Za mtindo wa Takemoto, tofali juu ya shimo. Ting. Sisemi waliiba, wazo la kutengeneza steji ni la zamani, nasema tu wangetuma hata kadi ya asante.

Sega wao wamekaa kiutu uzima zaidi. Mashabiki wa Sonic wana maonyesho yao ya mtandaoni yanaitwa SAGE tangu 2000 na hamna anayewakimbiza. Huko ndo utakutana na vitu vya LakeFeperd, Mbrazili, Before the Sequel na After the Sequel, ambazo zimechomekwa katikati ya Sonic za zamani, moja kati ya ya kwanza na ya pili, nyingine kati ya ya pili na ya tatu. Hiyo After the Sequel muziki wake peke yake unatosha bando lako, na steji ya Sugar Splash, ya mapipi na sharubati, utaicheka kwanza halafu utashangaa uko ndani yake bado. Ugomvi wake na Sonic ni mdogo ila upo: anaamini steji moja inatosha kubeba hali tofauti kabisa mwanzo mpaka mwisho, sio rangi moja inajirudia. Wakati mwingine anazidisha, steji ndefu mpaka unachoka, na mabosi wake wengine ni uonevu.

Halafu Sonic Mania ya 2017, ambayo hapo ndo jamaa wa Posta angenyamaza kama angekuwa anasoma. Christian Whitehead wa Australia alianza kwa kuchezea Sonic mwenyewe nyumbani, Sega badala ya kumtumia barua wakampa kazi ya kuleta Sonic CD kwenye mashine mpya 2011, baadaye yeye na wenzake waliotoka kwenye ushabiki wakapewa gemu nzima. Kuna bosi wa steji ya Chemical Plant humo ndani, unajiandaa kumpiga Eggman, adui wa Sonic, kama kawaida, ghafla mnakalishwa kucheza kupanga viharage vya rangi vinne vinne, kama ile gemu ya zamani ya Sega, Mean Bean Machine ya 1993. Mkutano wa ofisini ungeikata hiyo asubuhi na mapema. Nilicheka kwa sauti, jirani akagonga ukuta.

Zile za Flash, za kuchezea kwenye brauza, nazo nisizisahau, Super Mario Bros. Crossover ya Jay Pavlina ya 2010, unaingia steji ya kwanza kabisa ya Mario, 1-1, na wahusika wa gemu nyingine, Link au Mega Man au Samus, na ghafla ile steji unayoijua kwa macho ya kufumba inakuwa ngeni, uyoga ulioukanyaga maisha yako yote sasa unaupiga risasi kwa mbali. Super Mario 63 pia, ya 2009. Adobe wakaizima Flash mwisho wa 2020, lakini kuna mradi unaitwa Flashpoint umeokoa maelfu ya hizo gemu, sio lazima ushushe zote, unachukua moja moja unayoitaka, kwa hiyo bando litapona.

Mkitaka kuanza, anzeni na After the Sequel, halafu AM2R, Kaizo iwe ya mwisho na msimpe mtu mwenye presha. Kibodi inatosha kwa nyingi. Ila Kaizo kwa kibodi ya laptopu ni kuitafutia laptopu ajali, nenda Kariakoo kachukue pedi ya USB, na kabla hujalipa mwambie muuzaji aichomeke uijaribu, kibonyeze kitufe cha kuruka haraka haraka mpaka aanze kukuangalia vibaya, zile za bei chee hicho ndo kinachokufa kwanza.