Watu Wazima Nao Wafundishwe Kusikilizana

Tulikaa wawili wawili, viti vikitazamana, magoti yakikaribia kugusana. Sharti la zoezi lilikuwa moja: mmoja aseme kwa dakika tatu juu ya jambo linalobishaniwa mtaani, mwenzake anyamaze, kisha huyo aliyenyamaza arudie kwa maneno yake mwenyewe alichokisikia, na asiruhusiwe kujibu wala kutoa maoni mpaka msemaji akiri kwamba ndiyo, hicho ndicho alichokusudia. Jambo letu lilikuwa uwanja wa wazi: ijengwe zahanati pale, au watoto waachiwe waendelee kucheza? Mwenzangu alikuwa mama wa umri wa kunizaa, naye alitaka zahanati. Mimi nilitaka uwanja ubaki.

Alipomaliza nikamrudishia: "Mama, umesema zahanati ina manufaa kuliko uwanja." Akatikisa kichwa. "Sivyo, mwanangu." Nikajaribu tena: "Umesema zahanati iliyopo iko mbali." Akasema, "Hilo nimelitaja, lakini silo ninalolisema." Mara ya tatu ikanibidi nimwombe aanze upya, na safari hii nikamsikiliza kweli. Hakuwa akilinganisha majengo. Alikuwa akisema kwamba anaogopa usiku, kwamba mgonjwa wake akizidiwa saa nane za usiku hana pa kumpeleka. Neno usiku alikuwa amelitaja tangu mwanzo, tena zaidi ya mara moja, na mimi halikuniingia, kwa sababu muda wote ule nilikuwa nikipanga jibu langu kuhusu watoto.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshahudhuria mikutano mingi, na katika maisha yangu yote sikuwahi kufundishwa hata saa moja namna ya kusikiliza. Nilifundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu; nilifundishwa hata kusimama mbele ya watu na kutetea hoja katika mdahalo, ambako mshindi ni yule anayemwacha mpinzani wake hana la kusema. Lakini mkutano wa wakazi si mdahalo, kwa kuwa anayeshindwa haendi kwake akasahau: kesho mtakutana tena njiani, mtachota maji pamoja, mtakaa kamati moja. Ndiyo maana nashikilia kwamba mazungumzo ya kusikilizana ni ufundi kama ufundi mwingine wowote, una hatua zake na mazoezi yake, na kwamba wa kwanza kufundishwa wanapaswa kuwa watu wazima, ambao ndio wapigao kura na ndio waamuao mambo leo, si watoto watakaoamua baada ya miaka ishirini.

Lugha yetu yenyewe inatuonyesha ugumu ulipo. Kwa Kiswahili, mtoto asiyesikia si kiziwi, ni mkaidi. Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kusikia, katika malezi yetu, ni kutii. Basi si ajabu kwamba mtu mzima akiambiwa "hebu msikilize mwenzako" huona kama ameambiwa akubali, ajishushe, aachie nafasi yake, naye hukaza shingo. Upande wa pili, lugha hiyohiyo ina kusikilizana na kuelewana, maneno mawili ambayo kwa pamoja yana maana ya kufahamiana maneno na maana ya kuishi vizuri. Kati ya kusikia kwa mtoto na kusikilizana kwa watu wazima kuna safari, na safari hiyo ndiyo ninayotaka ifundishwe: kujua kwamba naweza kukuelewa kikamilifu, hadi ukakiri mwenyewe kwamba nimekuelewa, na bado nisikubaliane nawe.

Si suala la adabu peke yake. Watafiti walipima mazungumzo ya kawaida katika lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba, kwa wastani, baina ya mtu mmoja kumaliza swali na mwingine kuanza kujibu hupita kama sehemu 2 za kumi za sekunde. Muda huo ni mfupi kuliko unaotakiwa ili akili iandae neno moja tu la kutamka, ambao majaribio huukadiria kuwa zaidi ya nusu sekunde. Maana yake ni kwamba sote huanza kutunga jibu wakati mwenzetu bado anasema. Katika soga za kila siku hilo halidhuru, maana ndilo linaloyafanya mazungumzo yatiririke. Katika jambo zito linalogusa hofu za watu, hilo ndilo linalotufanya tujibu nusu ya sentensi. Kumrudishia mtu maneno yake kabla ya kumjibu ni njia ya kuizuia akili isiwahi mbele, na jambo linalokwenda kinyume na mazoea ya mwili namna hii halipatikani kwa mahubiri ya upole, bali kwa kulirudiarudia, kama mtu anavyojifunza kuogelea.

Wala wazo la kuwakusanya watu wazima ili wajifunze kuzungumza mambo yao si jipya. Nchini Denmark, chuo cha kwanza cha wananchi kilifunguliwa Rødding mwaka 1844 kwa kufuata fikra za mchungaji N.F.S. Grundtvig, aliyeamini kwamba mkulima wa kawaida huelimika zaidi kwa neno lililo hai, linalosemwa na kujibiwa, kuliko kwa mitihani. Miaka 5 baadaye nchi hiyo ikapata katiba iliyowapa wanaume wengi haki ya kuchagua wabunge. Sweden nayo, kuanzia mwaka 1902, Oscar Olsson aliendesha vikundi vya kujisomea ndani ya chama cha kupinga ulevi, ambamo wafanyakazi walisoma kitabu kimoja na kukijadili wenyewe, kiongozi akiwa mwanachama mwenzao. Olof Palme, aliyepata kuwa waziri mkuu wa Sweden, alikuja kuiita nchi hiyo demokrasia ya vikundi vya kujisomea. Na nchini Tanzania, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vilivyosikiliza redio pamoja, vikajadili, kisha vikaamua vitafanya nini kuhusu choo, maji na mbu.

Lakini mfano ninaourudia moyoni ni mwingine. Januari 1957, katika kisiwa cha Johns, jimbo la South Carolina nchini Marekani, lilianza darasa la jioni la watu wazima Weusi waliokuwa wakinyimwa kujiandikisha kupiga kura kwa kuwa sheria ilidai wasome kifungu cha katiba ya jimbo. Aliyelisimamia, Bernice Robinson, hakuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza nywele na kushona nguo. Shule ya watu wazima ya Highlander, iliyoanzishwa Tennessee mwaka 1932, ilimteua kwa sababu hiyohiyo: mwalimu wa mazoea angewafundisha watu wazima kama watoto. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba yeye si mwalimu na kwamba watajifunza pamoja, halafu akawauliza wao wanataka kujifunza nini. Wengine walitaka kuandika majina yao, wengine kusoma Biblia, wengine kujaza fomu za kuagiza bidhaa. Somo likajengwa juu ya majibu hayo, na humo humo likaingia suala la kura. Shule za namna hiyo zilienea Kusini mwa Marekani, zikawaingiza maelfu kwa maelfu katika daftari la wapiga kura. Kazi yote hiyo kubwa ilianza na mtu aliyeuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake mfukoni, akangoja ajibiwe.

Swali la aina hiyo ndilo ningelitia katika somo la pili, baada ya lile zoezi la kurudishiana maneno. Watu wazima tumezoea maswali ya kumbana mtu: "Kwani wewe hujui kwamba...?" Hilo ni kofi lililovikwa kanzu ya swali. Swali la kweli humfanya msemaji aende ndani zaidi: ilikuwaje ukaanza kuliona jambo hili hivyo? Ni nini hasa unachokihofia? Nchini Marekani, mjini Miami, wajitoleaji waliopita nyumba kwa nyumba walizungumza na wakazi kwa takriban dakika 10 kuhusu kundi la watu wanaobaguliwa. Hawakuwahutubia, walimwomba mwenyeji akumbuke siku ambayo yeye mwenyewe alihukumiwa kwa kuonekana tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ubaguzi ulipungua, na upungufu huo ulionekana hata miezi 3 baadaye.

Somo la tatu ni kueleza, na hili huwashangaza wengi. Mwaka 2002 wataalamu wawili wa saikolojia walionyesha kwamba watu hujiona wanafahamu vizuri jinsi vitu vya kawaida kama zipu vinavyofanya kazi, mpaka watakapoombwa waeleze hatua kwa hatua. Hapo wenyewe hushusha alama walizojipa. Katika kikundi cha watu wazima zoezi hili hufanyika bila kumwaibisha mtu: kila mmoja, wa upande wowote, aeleze pendekezo lake litatekelezwaje tangu siku ya kwanza, na wengine waulize pale tu wasipofahamu. Nimemwona mtu aliyeingia akiwa amefura kwa uhakika akisimama katikati ya maelezo yake na kusema, kwa sauti ya chini, "Hapo sijapafikiria." Hakuna aliyecheka. Nadhani ilikuwa saa ya thamani kuliko zote za mafunzo yale.

Stadi za mtu mmoja mmoja hazitoshi kama mahali pa kukutania hapajapangwa. Ireland iliunda Baraza la Raia mwaka 2016, lenye wananchi 99 waliochaguliwa kwa nasibu na mwenyekiti mmoja aliyekuwa jaji. Walilijadili suala la utoaji mimba, lililoigawanya jamii yao kwa miongo, kwa wikiendi 5, wakikaa katika meza ndogo, kila meza na mwezeshaji na mwandishi wake, ili mwenye sauti kubwa asiifunike nyingine. Mei 2018 taifa likapiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakaunga mkono kubadilisha katiba, kama wajumbe wengi wa baraza walivyokuwa wamependekeza. Mtu anaweza kuyapenda au kuyachukia matokeo hayo. Mimi ninachokitazama ni ile meza ndogo na yule mwezeshaji. Mikutano yetu mingi hupangwa kama kumbi za hotuba, watu mistari kwa mistari wakitazama migongo, halafu tunalalamika kwamba wananchi hawashiriki.

Na mwezeshaji huyo lazima afundishwe kuona nani hajasema. Mkubwa akishasema, mdogo humeza lake kwa heshima. Aliyesoma akitumia maneno ya ofisini, asiyesoma hujiona hana la kuongeza. Heshima ni jambo jema, nami siipigi vita, ila mwezeshaji mwenye ujuzi anaweza kuanza na vijana kabla wazee hawajasema, au kuwapa watu muda wa kunong'ona wawili wawili kwanza, na heshima ikabaki palepale.

Kuna onyo ambalo ninalichukulia kwa uzito. Neno mazungumzo limetumiwa mara nyingi kuwanyamazisha walioonewa: mtu amenyang'anywa haki yake, naye anaambiwa asipige kelele, aje tuzungumze, na mazungumzo hayo hayana mwisho wala uamuzi. Nakataa kuyaita hayo mazungumzo. Darasa la kisiwa cha Johns halikuwafundisha watu kuvumilia kunyimwa kura, liliwafundisha kuipata. Kwa hiyo mafunzo yoyote ya kusikilizana yanayoanza kwa kuwataka wanyonge wawe wapole, bila kuwataka wenye mamlaka wakae kwenye duara lilelile, waulizwe maswali yaleyale na waseme uamuzi utatolewa lini na nani, ni bora yasifanyike. Madiwani, wenyeviti na watendaji wangekuwa wanafunzi wa kwanza, tena bila viti vya mbele.

Gharama yake si kubwa kiasi cha kutisha. Vinatakiwa viti vinavyohamishika, mwezeshaji aliyefunzwa, saa mbili kwa wiki katika saa ambazo watu wametoka kazini, mahali pa kuwaacha watoto ili kina mama nao waje, na jambo moja la kweli la kujadili. Hili la mwisho lisipuuzwe. Mtu mzima hawezi kujifunza ufundi huu kwa mifano ya kubuni; humfaa lile linalomkosesha usingizi.

Wiki kadhaa baada ya zoezi letu, suala la uwanja likafika katika mkutano wenyewe. Mama yule hakuja, alikuwa akiuguza. Mwanamume mmoja akainuka, akasema kwamba wanaotaka zahanati hawawajali watoto wa watu, na baadhi wakampigia makofi. Nilikuwa bado nataka uwanja ubaki, na jioni ile nilipiga kura ubaki. Lakini nilinyoosha mkono, nikapewa nafasi, nikasema: "Mama sivyo alivyosema. Alisema anaogopa usiku." Kisha nikaeleza habari ya mgonjwa wake na ile saa nane. Mwenyekiti akanyamaza kidogo, akamgeukia katibu na kumwambia aliandike.