Mazoezi Huzaa Bingwa, Lakini Nani Anayeyasimamia?

Wahamasishaji wa Nairobi na Dar es Salaam hawamalizi hotuba bila kumtaja Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya. Hoja ni ile ile: fanya jambo kila siku, bila kuchoka, ubora utakuja wenyewe.

Ushahidi wanao. Katika kambi ya wakimbiaji ya Kaptagat, Kenya, mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, Kipchoge aliishi kwa ratiba isiyoyumba mwaka hadi mwaka: Jumanne uwanjani, Alhamisi kilomita 30 au 40, Jumamosi mbio za kubadili kasi. Kila zoezi aliliandika daftarini, na zamu ya kusafisha choo ilipomfikia alisafisha kama wenzake, tajiri au si tajiri. Mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Olimpiki ya London. Aliyekata tamaa angeishia hapo. Yeye alihamia marathoni mwaka uliofuata, akatwaa dhahabu mbili za Olimpiki, na mwaka 2022 akakimbia Berlin kwa saa 2:01:09, rekodi ya dunia wakati huo.

Wapo wanaopinga, nao hawana hoja nyepesi. Huyo huyo Kipchoge, akiwa na miaka 18 tu, aliwapiku nyota wa mbio Hicham El Guerrouj wa Morocco na Kenenisa Bekele wa Ethiopia katika mita 5,000 za mashindano ya dunia jijini Paris mwaka 2003. Kwa umri ule, miongo ya kurudiarudia ilikuwa bado haijapita. Kisha tazama Mkenya mwenzake, marehemu Kelvin Kiptum: alikimbia marathoni tatu tu maishani, zote chini ya saa 2:02, na ya tatu, Chicago mwaka 2023, ikamvua Kipchoge rekodi kwa 2:00:35. Ila hapa wapinzani nao wasishangilie mapema, maana kocha wake, Gervais Hakizimana, alisema kijana huyo alikuwa akikimbia hata kilomita 300 kwa wiki.

Wanasayansi nao wamevutana. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti wa wapiga fidla wa Berlin, na humo ndimo ilimotoka ile namba maarufu ya saa 10,000 za mazoezi, zinazodaiwa kumfanya mtu bingwa. Watu wameifanya sheria, ingawa ulikuwa wastani wa kundi moja tu la wanafunzi, na Ericsson mwenyewe alilalamikia jinsi ilivyopotoshwa. Alichokisisitiza ni zoezi linalolenga kasoro fulani, tena aghalabu chini ya mwalimu. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Brooke Macnamara na wenzake walikusanya tafiti nyingi, wakakuta kwamba katika michezo mazoezi ya aina hiyo yalieleza takriban asilimia 18 ya tofauti ya uwezo kati ya mtu na mtu. Si haba, lakini sehemu kubwa inabaki nje.

Mimi naegemea upande wa mazoezi, ila si kwa namna yanavyohubiriwa. Kaptagat na Iten, mji mwingine wa wakimbiaji nchini Kenya, wapo vijana wengi wanaoamka kabla ya jua, wanakula ugali ule ule, wanapanda vilima vile vile, na majina yao hayatasikika kamwe. Kuwaambia kwamba walikosa nidhamu ni kuwatukana. Kipaji kinahusika, bahati ya kutoumia inahusika, na kuna jambo la tatu ambalo wahamasishaji hulipita haraka kwa sababu haliuzi tiketi: kocha. Kipchoge alipokuwa kijana alimwendea jirani yake, Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya Barcelona 1992 katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akamwomba ratiba. Akaifuata, akarudi kuomba nyingine. Yaani hata alichokuwa akirudia kila siku, aliyekichagua ni mtu aliyekwisha kuipita njia hiyo.

Utaambiwa Mkenya Julius Yego hakuwa na kocha, kwamba alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube. Kweli, alianzia hapo, na inastahili sifa zote. Kinachosahaulika ni kwamba baadaye alipata ufadhili wa kwenda Kuortane, Finland, nchi inayouenzi mkuki, akafundishwa na Petteri Piironen. Mita 92.72 zilizompa ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 zilikuja baada ya hapo.