Hisa 200 Zikiwa 2,000, Mama Mdogo Anapata Nini?

Mama mdogo anauza vitenge Kariakoo, na ana hisa 200 za kampuni moja iliyo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Juzi alinipigia: "Mwanangu, nasikia huko Marekani ukiwa na hisa moja unapewa kumi. Hawa wetu wanangoja nini?" Habari iliyomfikia ni ya Nvidia, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta, ambao Juni 2024 waligawanya kila hisa kuwa kumi.

Nikamwambia, mama, hakuna aliyeongezewa hata senti. Hisa iliyokuwa karibu dola 1,200 iliuzwa karibu 120. Tuzipigie hesabu zake. Tuseme hisa 200 zina bei ya shilingi 5,000 kila moja: hiyo ni milioni moja. Zikigawanywa, atakuwa nazo 2,000 za shilingi 500, milioni ileile. Gawio, yaani sehemu ya faida wanayopewa wenye hisa, likiwa 400 kwa hisa, litakuwa 40, na yeye atapokea 80,000 kama mwanzo kabla ya kodi. Asiyejua haya akifungua simu asubuhi hiyo atakuta bei imeporomoka kwa asilimia 90, na presha itampanda bure.

Wengi wanaishia hapo na kusema mgawanyo hauna maana. Mimi sikubaliani nao. Panda daladala ya Mbagala alfajiri na noti ya elfu kumi tu mfukoni, uone konda atakavyokujibu kuhusu chenji. Pesa unayo, ila kuitumia ni kazi. Bodaboda anayebakiwa na 3,000 kwa wiki hanunui hisa ya 5,000, lakini za 500 anachukua tano na chenji ya kamisheni ya dalali inabaki. Wanunuzi wa aina yake wakiwa wengi, mama mdogo akitaka kuuza hisa Desemba kwa ajili ya ada ya Januari, hatakaa wiki tatu akimsumbua dalali. Kuuza siku unayohitaji pesa ni sehemu ya utajiri wako, hasa kwenye soko dogo kama letu.

Ila mgawanyo hauleti wauzaji. Chukua benki ya NMB: Serikali na Arise, kampuni ya uwekezaji, kwa pamoja wanashikilia takriban theluthi mbili ya hisa zote. Ukizikata hizo vipande kumi, mwenye nazo bado hauzi. Na bei ndogo ina mtego wake. Nimesikia watu wakisema hisa za benki ya CRDB ni "rahisi" kuliko za NMB kwa kutazama bei tu, wakati CRDB ina hisa zaidi ya bilioni 2.6 na NMB milioni 500. Ukitaka kujua ipi ni rahisi, linganisha bei na faida ya kila hisa. Kampuni isiyopata faida itabaki hivyo hata hisa zake zikiuzwa shilingi 50.

Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na hizi zangu, kwa siku zinanunuliwa ngapi?" Tukafungua taarifa za soko za wiki nzima. Siku mbili kati ya tano haikuuzwa hata moja. Kampuni hiyo ina faida, inatoa gawio kila mwaka, na hisa zake nyingi zipo mikononi mwa watu wa kawaida. Wakileta hoja ya mgawanyo kwenye mkutano mkuu, nitamshauri apige kura ya ndiyo.