Mandera ilipopungua: sensa na hesabu ya mgao

Agosti 24 na 25, 2019, baa za Kenya zilifungwa jioni mapema kwa amri ya serikali, ili makarani wa sensa wawakute watu nyumbani. Amri hiyo iliwahusu zaidi watu wa Nairobi na Nakuru. Mfugaji wa Mandera, kaunti ya kaskazini mashariki mwa Kenya, hakuwa baa. Alikuwa na ngamia wake malishoni, pengine ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia, na sensa ya Kenya humhesabu mtu pale alipolala usiku ule. Matokeo yalipotoka, Mandera ilikuwa na watu 867,457. Mwaka 2009 iliandikiwa 1,025,756.

Wanaohimiza watu wajitokeze kuhesabiwa wana hoja nzito hapa. Ugatuzi ulipoanza, asilimia 45 ya fedha zilizogawiwa kaunti zilifuata idadi ya watu, na mipaka ya maeneo bunge nayo huchorwa kwa kuangalia idadi hiyo. Asiyehesabiwa hapotezi kitu chake peke yake. Jirani zake pia wanapunguziwa zahanati na barabara.

Lakini hoja hiyohiyo ndiyo inayoitia sensa doa. Kichwa kikishakuwa na bei, kuna atakayetamani kukiandika mara mbili. Mwaka 2010 Wycliffe Oparanya, aliyekuwa waziri wa mipango, alifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, zikiwemo za Mandera na Turkana, akisema ongezeko lake halikulingana na vizazi na vifo. Kesi zikafuata. Kwa hiyo ile milioni moja ya Mandera haikuwa kipimo safi, na viongozi waliolalamika baada ya 2019 walikuwa wakilinganisha na namba iliyokwisha kutiliwa shaka. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na ukweli: 2009 huenda ilitiwa chumvi, na 2019 huenda iliwaacha watu nyikani.

Mwaka 2020 Seneti ilivutana kwa wiki nyingi juu ya fomula mpya ya kuzigawia kaunti fedha. Wenye watu wengi walidai shilingi imfuate mtu. Wa kaskazini na Pwani wakauliza nani atalipia barabara ya kilomita mia inayopita palipo na watu wachache. Hatimaye uzito wa idadi ya watu ukashushwa hadi asilimia 18, ingawa vigezo vipya vya wakati huo kama kilimo navyo vilihesabu kaya, kwa hiyo sensa ikarudi kwa mlango wa nyuma.

Kuna hesabu nyingine ya 2019 isiyozungumzwa sana: watu 1,524 walioandikwa kuwa wenye jinsia mbili. Hawana kaunti wala mbunge wa kugombaniwa, na hakuna aliyefaidi kwa kuwaongeza. Nadhani ni pungufu, maana wapo waliofichwa na familia zao. Hata hivyo, anayewatetea sasa ana namba ya kuweka mezani.

Kwa wafugaji, kuwaambia tu "jitokezeni" hakutoshi. Agosti ni kiangazi kaskazini, na boma huwa limebaki na wazee na watoto. Karani angeketi kisimani asubuhi akisubiri mifugo ije kunywa, angewaona wengi kuliko anayebisha hodi usiku.