Mwalimu wa Jumanne na mgeni wa jukwaani

Jumamosi moja ya Januari ukumbi mmoja hapa Nairobi ulijaa watoto waliobeba fidla migongoni kama mikoba ya shule. Mgeni wa siku hiyo alikuwa mpiga fidla kutoka Ulaya, mtu wa matamasha makubwa na mwalimu wa chuo cha muziki huko kwao. Kila mtoto alipewa dakika 20. Binti yangu Akinyi alipopanda, alipiga mistari miwili tu na mgeni akamsimamisha. Akashika kidole gumba cha mkono unaoshika uta, akakikunja kidogo, akasema, "Sasa." Akinyi akavuta uta. Sauti iliyotoka sijawahi kuisikia sebuleni kwangu. Watu wakaguna. Mama mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Huyo ndiye mwalimu. Hawa wetu wanatuchezea tu."

Kufikia Jumanne, siku anayokuja mwalimu wetu wa kila wiki, kidole gumba kilikuwa kimerudi kilikokuwa.

Nimekuwa nikiitafuna kauli ya yule mama tangu siku ile, kwa sababu si yake peke yake. Wazazi wengi wa Nairobi wanaolipia masomo ya fidla, vayola au chelo wanaamini kwamba mwalimu wa kweli ni yule anayepanda ndege kwenda kutumbuiza. Soma karatasi ya tamasha lolote la muziki wa nyuzi: msanii huyu ametumbuiza katika nchi kadhaa, anafundisha katika chuo fulani. Mambo hayo mawili hutembea pamoja kama kikombe na kisahani, na ni nadra mtu kuuliza kama kweli moja linalihitaji jingine.

Mazoea haya yana asili yake. Chuo cha muziki cha Paris kilianzishwa mwaka 1795, na vyuo vilivyofuata Ulaya vikajenga jina kwa kuwaajiri wapigaji ambao watu walishawalipia tiketi. Mfano unaotajwa zaidi ni Leopold Auer, aliyefundisha St. Petersburg kuanzia 1868 hadi 1917 huku akiwa mpiga fidla wa kasri la mfalme wa Urusi. Mikononi mwake walipita Jascha Heifetz, Mischa Elman na Nathan Milstein. Mtu mmoja, darasa moja, na nusu ya fidla ya karne ya 20. Kwetu, Kenya Conservatoire of Music ilianza mwaka 1944, enzi za ukoloni, na hadi leo watoto wengi wa nyuzi hapa mjini hupimwa kwa mitihani ya ABRSM ya London, gredi ya 1 hadi ya 8. Kwa hiyo tulipopokea ala tulipokea pia kipimo cha mwalimu: nani amepiga wapi.

Nianze na upande wa yule mama, maana una haki zaidi ya vile walimu wetu wanavyopenda kukiri.

Yapo mambo ambayo jukwaa peke yake hufundisha. Mtoto anayejifunza katika chumba cha kulala hupigia sikio lake mwenyewe, nalo liko inchi chache tu kutoka kwenye nyuzi. Sauti inayopendeza pale karibu hufa kabla ya kufika safu ya tatu. Ile inayokwaruza kidogo sikioni mwa mpigaji ndiyo inayofika nyuma ya ukumbi ikiwa safi. Mgeni alimwambia Akinyi ampigie mlinzi aliyesimama mlangoni, asijipigie mwenyewe. Neno hilo huwezi kulisema kwa uhakika kama hujawahi kusimama mbele ya watu elfu moja ukahisi sauti yako inazama. Vivyo hivyo uzi unapokatika katikati ya kipande, au mkono unapotetemeka kwenye noti ndefu ya polepole, kwa maana wapiga nyuzi huogopa polepole kuliko haraka. Mtihani wa gredi hauyafikii haya. Ni chumba, mtahini mmoja, skeli na vipande vichache.

Halafu kuna kuona kwa macho. Sheku Kanneh-Mason, mpiga chelo Mwingereza ambaye mama yake ana asili ya Sierra Leone, alishinda shindano la wanamuziki vijana la BBC mwaka 2016, na miaka miwili baadaye akapiga kwenye harusi ya Prince Harry ikitazamwa dunia nzima. Baadaye Royal Academy of Music, chuo alichosomea, kikampa kazi ya kuwalea wanafunzi. Mtoto wa mitaa ya Umoja au Kayole akimtazama kijana mweusi wa namna hiyo akimwonyesha mwingine pa kuweka kidole, anajifunza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha mazoezi. Kuna pia suala la milango. Mtu wa jukwaa anajua chuo gani kina ufadhili na ni nani wa kuandikiwa barua, na barua yake inasomwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hapo ndipo ninapofika nikasita, kwa sababu uponyaji wenyewe una masharti.

Nianze na mkono. Kushika uta si jambo moja. Kuna ushikaji wa Kirusi, ambao kidole cha shahada kinaukumbatia uta kwa ndani zaidi na uzito wa mkono unashuka kupitia hapo. Kuna ule wa Kifaransa na Kibelgiji, vidole vimepinda, cha mwisho kimekaa juu ya kijiti kama ndege kwenye waya. Yote miwili imetoa mabingwa. Ila kila mgeni anakuja na wake, na katika dakika 20 hana nafasi ya kuuliza huyu mtoto analelewa katika upi. Namfahamu kijana wa miaka 15 aliyepitia madarasa ya wageni watatu katika miaka miwili. Leo ana mikono mitatu, na hakuna hata mmoja ulio wake. Mwalimu wake wa kila wiki alikaa muhula mzima akifumua.

Pili, kupiga na kufundisha ni kazi mbili. Ivan Galamian, aliyezaliwa Tabriz mwaka 1903, aliachana na jukwaa mapema, akajifungia kufundisha katika vyuo vya muziki vya Curtis na Juilliard nchini Marekani. Itzhak Perlman na Pinchas Zukerman ni mazao yake. Msaidizi wake, Dorothy DeLay, naye hakuwa nyota wa matamasha, lakini wanafunzi walivuka bahari kumfuata: Midori, Sarah Chang, Gil Shaham. Sifa yao haikuwa mihuri kwenye pasipoti. Walikuwepo wiki baada ya wiki, wakimtazama mtoto mmoja akifanya kosa lilelile hadi wakaelewa linatoka bega au kiwiko. Bingwa wa jukwaa mara nyingi amesahau aliwezaje, au alizaliwa akiweza. Tena huipima kazi kwa mkono wake mwenyewe. Huyohuyo Auer alitunukiwa konchato la fidla la Tchaikovsky, mtunzi Mrusi, yaani kipande kirefu cha fidla na okestra, akakataa kulizindua, akiona lahitaji kusahihishwa, na baadaye akaja kulipiga na kuwafundisha wanafunzi wake. Kama Auer alihitaji miaka kulielewa, mgeni wa dakika 20 naye asihukumu upesi.

Tatu ni kalenda. Anayetumbuiza nchi za nje hayupo, na hilo ni jambo la hesabu tu. Wengine hujaribu kuziba pengo kwa video, nasi tulijaribu wakati wa korona. Programu za mikutano zimetengenezwa kwa ajili ya maneno, kwa hiyo noti ndefu ya fidla zinaidhani ni kelele ya feni na kuinyamazisha. Akinyi alivuta uta mzima kwa sekunde nane, mwalimu upande wa pili akasikia mbili, akamwambia, "Usikatize, vuta hadi mwisho." Mtoto akalia. Yapo marekebisho ya mitambo siku hizi, lakini hakuna linaloweza kukamata kidole gumba na kukikunja.

Ningekuwa mwandishi mvivu ningeishia hapo na kumtangaza mwalimu wa Jumanne mshindi. Tatizo ni kwamba namjua.

Mwalimu wetu anaishi Lang'ata. Siku moja ya kazi yake ni Lavington asubuhi, Karen mchana, kwetu South B jioni, kwa matatu, fidla kifuani ili isipondwe. Jumamosi ni harusi, Jumapili ni kanisani. Hapa Nairobi wapiga fidla wengi hawaishi kwa mshahara wa okestra. Wanaishi kwa vipindi vya nyumba kwa nyumba. Nilimuuliza mara moja anafanya mazoezi yake mwenyewe saa ngapi. Akacheka, akasema, "Baba Akinyi, wewe unaniuliza kama nakula." Alikuwa amesoma kipande kikubwa cha Bach miaka kumi iliyopita na bado hajakipiga mbele ya watu. Sasa, mtu asiyepiga hupungua. Sikio lake hubaki pale alipoliacha, na mwanafunzi anapomfikia huwa hakuna tena mahali pa kupelekwa. Lile onyo la yule mama lina ukweli, ila limemlenga asiyehusika. Hawa wetu hawatuchezei. Sisi ndio tumewanyima nafasi ya kupiga.

Na kuna jambo ambalo mjadala huu hulipita kana kwamba halipo. Tunaposema wapiga nyuzi wa kimataifa, mbona fikra zinakimbilia fidla? Ayub Ogada alikwenda Uingereza katika miaka ya 1980 na nyatiti yake, ala ya nyuzi ya Waluo, akapiga kwenye vituo vya treni ya chini ya ardhi London, akaja kurekodi na kampuni ya Real World mwaka 1993 na kuzunguka dunia. Nyatiti ina nyuzi 8, na mpigaji hukaa chini akigonga ukingo wake kwa pete ya chuma ya kidole cha mguu, njuga zikilia juu ya kifundo. Ni ala mbili na nusu kwa mtu mmoja. Anyango, Mjapani Eriko Mukoyama, alipotaka kuijifunza hakuja kuomba nafasi kwenye chuo cha jijini. Alienda kijijini Siaya, akakaa na fundi, akarudi kuipiga kwao na kwingineko. Kwa kipimo chetu wenyewe cha mihuri ya pasipoti, hao walistahili kiti cha mkuu wa idara ya nyuzi. Lakini mzazi anayetafuta mwalimu wa jukwaa hamaanishi hao.

Babu mdogo wa Akinyi huko Ugenya anapiga orutu, ambayo ina uzi mmoja. Tulipompelekea ile fidla ya mtoto aitazame, hakuipandisha begani. Aliiegemeza tumboni kama ala yake, akaivuta. Kilichomshangaza ni ule ubao mweusi chini ya nyuzi. Kwenye orutu vidole hushika uzi hewani, hakuna cha kuegemea, sikio ndilo linalosema hapa au pale. "Kumbe hizi zimewekewa sakafu," alisema. Sijamsikia mwalimu yeyote wa chuo, mgeni au mwenyeji, akieleza suala la sauti sahihi kwa maneno machache hivyo.

Basi nipo wapi? Sitaki wageni wakome kuja. Nataka waje kwa utaratibu wa ile methali nyingine, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayeletwa kwa siku moja, watoto 15, picha na maua, anaacha kidole gumba kitakachorudi kilikokuwa kabla ya Jumanne. Angeletwa kwa siku tano, tatu kati ya hizo akae na walimu bila mtoto hata mmoja chumbani, na jioni ya mwisho wapige pamoja mbele ya watu, yeye fidla ya kwanza, mwalimu wa Lang'ata ya pili. Waandaaji wataniambia wazazi hulipia watoto wao, hawalipii walimu, na hapo wana hoja ngumu. Sina jibu safi kwao, ila ada ya siku ile ya Januari ningeitoa kwa moyo mweupe zaidi kama ingemlipia mwalimu wetu kiti. Hakualikwa. Hata angealikwa, alikuwa na harusi.

Jumanne ile alifika saa moja usiku. Hewa ya Januari ilikuwa imekausha vigingi vya fidla, uzi wa A ukawa unateleza kila akiukaza. Alipomaliza akamtazama Akinyi mkono, akanyamaza kidogo. Nilidhani ataudhika.

"Yule mgeni alikufanya nini hapa?" akauliza, akigusa kidole gumba. "Nionyeshe."

Akinyi akachukua mkono wa mwalimu wake, akakikunja kidole chake gumba kama alivyokunjiwa. Mwalimu akavuta uta kwenye uzi wazi wa G, taratibu, kutoka mwanzo hadi ncha. Akasikiliza. Akahamisha kidole kidogo, akavuta tena.

"Tena," Akinyi akamwambia.