Waacheni Wakae Chini ya Mnazi

Mwezi wa kwanza nilikwenda Mingoyo, mkoani Lindi, kumwona bibi mzaa mama, nikakuta wageni watatu chini ya mnazi wake mrefu, ule ulioinamia mfereji. Wanafunzi wa chuo, wako fildi. Wawili walikuwa na futi, mizani ndogo na mifuko ya karatasi. Wa tatu, binti mmoja mwembamba, alikuwa amekalia kigoda cha bibi, darubini shingoni na daftari mapajani. Alikuwa anamtazama ndege aitwaye mnana akianza kiota. Alifika pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mimi nilimkuta saa nne.

Mtaa mzima ulikuwa na maneno. Siku ya kwanza walidhaniwa wapimaji wa viwanja. Huku kwetu, tangu habari za gesi zianze, ukimwona kijana mgeni ana futi na daftari hupati usingizi mpaka ujue anapima nini. Mtendaji alipowaleta kwa bibi na barua yao, hofu ikaisha, kicheko kikaanza. Jirani mmoja aliniuliza bila kuficha: "Mjukuu wangu, hivi mtu anasomeshwa mpaka chuo kikuu aje kuhesabu nyasi za ndege?"

Siku ile nilimjibu mzee wangu kwa tabasamu tu, na jambo hilo limenikaa moyoni. Jibu langu ni hili.

Mnana dume, yule wa manjano mwenye uso mweusi, haokoti majani makavu. Anakwenda kwenye kuti bichi au kwenye tete, anang'ata pembeni kidogo, anashika pale alipokata, kisha anaruka. Kuruka kwenyewe ndiko kunakochana uzi. Aliyewahi kuchana ukindu anaujua mkono huo. Akifika kwenye kijiti chake anaukanyaga uzi usimponyoke, halafu mdomo unaingia na kutoka, unazungusha, unavuta, mpaka fundo linashika. Kitu cha kwanza anachofuma ni pete iliyosimama wima, inayomtosha yeye kusimama ndani. Akishaimaliza, anasimama kwenye pete hiyo hiyo akitazama upande ule ule siku zote. Anafuma paa kuelekea mbele mpaka pale mdomo wake unapofika, na hicho ndicho chumba cha mayai. Kisha anajipinda kinyumenyume na kufuma sebule upande wa pili, mlango ukitazama chini. Kwa hiyo kipimo cha nyumba nzima ni urefu wa mwili wa fundi. Hana futi wala kamba.

Akimaliza, ananing'inia chini ya mlango na kupigapiga mbawa huku akiita. Jike anakuja kukagua. Anaingia, anavuta nyuzi, anatoka. Akiridhika, analeta nyasi laini na manyoya ya kutandika ndani. Asiporidhika anakwenda kwa jirani, na siku zikipita kiota kikageuka rangi ya kahawia bila kupata mwenyewe, dume anakifumua kwa mdomo wake na kuanza kingine mahali pale pale. Ndiyo maana chini ya mnazi wenye minana huwa kuna takataka za viota vizima ambavyo hakuna yai lililowahi kutagwa ndani yake.

Na kwenye mnazi huo huo wa bibi kuna fundi mwingine kabisa. Ukiinua macho kwenye makuti yaliyoning'inia utamwona teleka, kidege chembamba cha rangi ya udongo chenye mbawa kama mundu. Yeye hafumi chochote. Anaokota manyoya akiwa angani, anayagandisha kwa mate yake upande wa chini wa kuti, na hata mayai anayagandisha kwa mate hayo hayo ili upepo wa kusi usiyamwage. Mnazi mmoja umebeba mafundi wawili, mmoja wa kufuma na mmoja wa gundi. Sijamtaja bado chozi, anayefunga nyumba yake kwa utando wa buibui, wala fundichuma, anayerundika vijiti kwa maelfu mpaka kiota kinaweza kubeba uzito wa mtu.

Nakuja sasa kwenye lililoniudhi.

Fomu waliyopewa wale vijana ilikuwa na safu za urefu, upana, uzito, kimo kutoka ardhini na aina ya mti. Basi. Walitakiwa kurudi na viota thelathini vilivyopimwa. Hakukuwa na nafasi hata moja ya kuandika kiota kilianzaje, uzi wa kwanza ulifungwa upande gani, dume aliangusha nyuzi ngapi kabla ya fundo la kwanza kushika, au alifumua lini. Wale wawili walifanya kama fomu ilivyosema: walimlipa mkwezi, viota vikashushwa, vikapimwa, vikaingia kwenye mifuko. Siwalaumu, maksi zao ziko kwenye fomu ile. Yule binti alikuwa anatazama kwa hiari yake, na aliniambia kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwamba hajui kazi hii ataiingiza wapi kwenye ripoti.

Bibi alimsikia. Bibi amesuka mikeka tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Akasema: "Mwanangu, mkeka ukishaisha huwezi kujua mkono ulioanza ulisitasita wapi."

Sijasikia mtu akilieleza jambo hili vizuri kuliko hivyo, na elimu ya ndege yenyewe inakubaliana naye. Miaka ya 1960, mume na mke wa Marekani, Nicholas na Elsie Collias, waliwalea minana wa aina hii hii tuliyo nayo shambani. Wakaona kwamba dume mchanga aliyenyimwa majani mabichi ya kuchezea, anapoyapata baadaye hujikuta hajui kufuma sawasawa. Anazaliwa na hamu ya kufuma, lakini mkono wake unakuja kwa kurudiarudia. Mwaka 2011 Patrick Walsh wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzake walitoa matokeo ya kuwapiga picha za video ndege wa ukoo huo huko Botswana wakijenga kiota baada ya kiota. Dume yule yule hakujenga kwa namna ile ile kila mara. Wengine walianzia kushoto kwenda kulia, wengine kulia kwenda kushoto, na kadiri walivyozidi kujenga ndivyo majani yalivyopungua kuwaponyoka. Ungeshusha viota vyote vile na kuvipima kwa futi, usingepata hata neno moja katika hayo.

Mwaka 2024 ikaja habari nyingine kutoka jangwa la Kalahari, katika jarida la Science. Kuna ndege wa jamii hiyo wanaojenga kwa makundi, familia nzima pamoja. Watafiti walipolinganisha makundi waliona kila kundi lina umbo lake la kujenga, hawa mirija mirefu, wale mifupi, na tofauti hiyo inadumu mwaka hadi mwaka ingawa makundi yanaishi jirani, na mgeni akihamia anafuata desturi ya wenyeji. Niliposoma hayo niliwafikiria wachongaji wa Kimakonde, namna kijana anavyokaa kwa fundi miaka, na kinyago chake cha kwanza ukikitazama unamjua mwalimu wake. Je, minana wa bonde la Lukuledi wanafuma sawa na wa Msimbati kule Mtwara? Huo ni utafiti kamili wa shahada, na nauli yake ni ya basi na bodaboda.

Tunapokubali kumtazama ndege kwa makini, mara nyingi ni pale tunapotaka kumwangamiza. Kweleakwelea, ambaye ni ndugu wa mnana, anajulikana vizuri: malalo yake yanatafutwa, ndege ya kunyunyizia sumu inaitwa. Sipingi kulinda mpunga, nimekula jasho la mpunga huo. Nimekulia kwenye dungu, nimeamia ndege kwa teo tangu alfajiri mpaka mkono ukafa ganzi. Na ndiyo maana nasema: watu waliokaa kwenye madungu wanajua mambo ambayo hayajaandikwa popote. Mjomba wangu anajua minana wakihamia mti wenye manyigu ni kwa nini. Anajua nyoka gani anapanda mnazi saa ngapi. Yule binti alimwuliza maswali mawili akaandika kurasa tatu. Wenzake hawakumwuliza, kwa kuwa fomu haikuwa na safu ya mjomba.

Sisi wa Lindi tuna sababu yetu ya kulitazama hili kwa uchungu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale Tendaguru. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, mpaka bandari ya Lindi, na lile jitu refu leo limesimama kwenye makumbusho ya Berlin. Wachimbaji walikuwa watu wetu kwa mamia. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikuwa na jicho la mifupa ambalo wageni wenyewe walilitegemea, lakini ilibidi ifike 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru akapewa jina lake, Australodocus bohetii. Mifupa tunayo kwenye picha. Namna mzee yule alivyoutambua mfupa kwenye udongo, alivyoushika usivunjike, nani aliiandika? Ndege wenyewe ni kizazi cha dinosaria. Safari hii mtafiti ni mtoto wetu, anaongea Kiswahili na bibi, na mti uko nyuma ya nyumba. Ikiwa naye atarudi chuoni na mfuko wa viota vikavu peke yake, hatutakuwa na Mjerumani wa kumlaumu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wanaowatuma vijana fildi: ongezeni safu kwenye fomu. Nani alianza, saa ngapi, upande gani, akafumua lini, na mwenye shamba anasemaje. Punguzeni viota thelathini viwe vitano vilivyotazamwa tangu fundo la kwanza. Kiota chenye mayai kisiguswe, kioo kidogo kwenye ncha ya fito kinatosha kuchungulia ndani. Na anayekaa saa nne bila kupima kitu asihesabiwe mvivu.

Kiota alichokitazama yule binti kilifumuliwa siku ya tisa. Alikuwa bado yupo, akaandika saa. Bibi, ambaye kila mwaka huwalaani minana kwa kumchania makuti, alimwambia mkwezi auruke mnazi ule mpaka wageni waondoke.

Msimu ujao unaanza na mvua za Desemba. Nimeshazungumza na bibi. Kigoda kipo, na kwa mwanafunzi atakayekuja kutazama, chai ya asubuhi ni juu yetu.